Jina la Theda Halihami

Kitendawili! Nina sanduku la barua lisilo na ukuta wala kufuli. Mwizi hakuligusa. Amekwenda tu njia panda, akageuza kibao, na barua zangu zote zikaenda kwake. Ni nini?

Mmeshindwa? Nipeni mji.

Mmenipa Leer, kaskazini mwa Ujerumani. Nimeupokea, nimekaa, nimekunywa chai yake. Sasa jibu: ni barua pepe ya mtu mwenye jina lake mwenyewe mtandaoni. Jina unaliandikisha kwa msajili. Kibao kinachoonyesha barua ziende wapi kinakaa kwa kampuni ya DNS. Adui akikishika kibao, umekwisha.

Na Ijumaa ile, saa tano na dakika ishirini asubuhi, adui alikuwa amekishika.

"Mwewe, hapa Mnara." Sauti ilikwaruza ndani ya kofia ya pikipiki. "Uko wapi?"

"Nimeiacha Emden. Kasi mia na themanini."

"Na mzigo?"

"Mzigo una masikio!" alifoka bibi aliyekaa nyuma. "Mwambie huyo kijana mzigo una miaka sabini na moja, na unataka mwendo zaidi!"

Mwewe alikuwa Wiebke Tjarks, jasusi wa idara isiyoandikwa mlangoni. Chini yake, BMW. Kwapani, bastola ya Walther.

Mzigo alikuwa Theda Habbinga, mkaguzi wa bandari aliyestaafu. Kwa miaka kumi na minne mabaharia walimwandikia kwenye jina lake, wakimtajia shehena zilizoficha mengine. Leo saa sita kamili baharia mmoja, Arnel, angemtumia orodha ya makontena yenye silaha, jina la meli na cheo chake melini. Hakuna aliyejua yuko meli gani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumzuia.

Wauza silaha wakiisoma wao kwanza, Arnel angetoswa baharini.

Asubuhi hiyo mtu aliipigia simu kampuni ya DNS, akalia kwamba yeye ni Theda na amesahau nenosiri. Wakampa jipya. Kibao kikageuzwa.

"Na wewe ukashindwa kuirudisha akaunti?" Wiebke alipaza sauti upepo ukivuma.

"Barua ya kurudishia nenosiri inakuja kwenye anwani yangu hiyo hiyo."

"Mama Theda! Umefungia ufunguo ndani ya nyumba!"

"Najua. Endesha."

Alibaki msajili. Yeye peke yake ndiye angeweza kuling'oa jina kwenye kibao kile na kulipatia kingine.

"Niambie basi," Wiebke aliuliza. "Wasajili wakubwa wamejaa, wana majumba ya vioo. Kwa nini ulilipeleka jina lako kwa mzee na dada yake, wanaofunga ofisi Ijumaa saa sita?"

Audi nyeusi ikatokea kwenye kioo cha pembeni.



"Mnara, nina mkia."

"Unaweza kuukata?"

"Nina kondoo."

Pikipiki iliruka kutoka lami, ikapanda tuta la kuzuia maji. Kondoo mia mbili waligawanyika, wakaipisha, wakafunga tena. Audi ilipanda nyuma yao, ikapiga honi.

Kondoo wa huku hawajui honi.

Leer, kwenye ofisi ya msajili Onno Reents na dada yake Gesche, mgeni alikuwa amewatangulia. Suti ya kijivu. Hati ya uwakili mkononi.

"Mimi ni mpwa wake Theda. Amenilea mwenyewe, hapa hapa. Nipeni msimbo wa kuhamisha jina."

Kibao alikuwa nacho. Sasa alitaka na jina, Theda asipate tena pa kurudia.

"Kunywa kwanza," alisema Gesche.

Leer vikombe ni vitatu. Sukari ya mawe chini, chai juu yake, krimu ukingoni, na hakuna kukoroga. Mgeni alitwaa kijiko akakoroga kama anachanganya saruji. Kikombe cha kwanza kilipoisha akakisukuma mbali.

"Inatosha. Msimbo."

Gesche alimtazama kaka yake. "Onno, huyu kalelewa na Theda?"

"Labda alimlea kwa simu."

Mlango ulifunguka kwa teke.

"Futeni miguu!" alipiga kelele Gesche.

Mgeni alichomoa bastola. Kofia ya pikipiki ilimkuta kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaruka. Goti la Wiebke likafuata, kisha pingu.

"Mmechelewa," mgeni alicheka akiwa sakafuni. "Zimebaki dakika ishirini na mbili. Bibi, nenda ukafume soksi."

Theda alivuta kiti.

"Soksi nitafuma jioni. Onno, badilisha kibao."

"Kitambulisho."

"Onno! Tumekaa dawati moja! Ulikuwa unanivuta nywele!"

"Kitambulisho, Theda."

Alikibwaga mezani. Onno alivaa miwani, akakisoma mbele na nyuma, bila haraka hata chembe. Wiebke alitazama saa yake.

Dakika kumi na tisa.

"Kipya tukiweke wapi?" aliuliza Onno. "Ninavyo vyangu humu humu."

"Hapana. Jina kwako, kibao kwa wengine. Akikuvamia mtu asikute vyote."

"Na mimi nisikasirike?"

"Kasirika huku unachapa."

Theda alichagua ushirika mdogo wa Oldenburg unaotunza vibao. Hao hawabadilishi kitu kwa simu hata ulie machozi ya damu. Unaingia kwa ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Wiebke akautoa mfukoni, bado mpya.

"Anwani ya dharura?" aliuliza Wiebke.

"Ya jirani yangu Hilke. Haiko kwenye jina langu. Usinitazame hivyo, nimeshajifunza."

Dakika nane kabla ya saa sita, Onno alibonyeza.

"Haisaidii!" mgeni alifoka. "Mashine za dunia bado zinakumbuka njia yetu!"

"Za wanaoniandikia kila siku," alisema Theda. "Arnel huandika mara moja kwa mwezi. Mashine za kwake zimekwisha kusahau. Zitauliza upya. Na safari hii nitajibu mimi."

Saa sita kamili. Barua haijaingia.

Saa sita na dakika moja. Gesche alishika birika bila kumimina.

Dakika ya tatu, kompyuta ililia.

Makontena tisa. Jina la meli. *Mimi ni mpishi wa zamu ya usiku.*

"Mnara, pokea."

"Tumepokea. Helikopta iko angani."

"Mpishi kwanza. Makontena baadaye."

"Mpishi kwanza, Mwewe."

Polisi walikuja kumchukua mgeni. Wote waliobaki wakanywa, kikombe cha kwanza, cha pili. Cha tatu kilikuwa mdomoni Mnara alipoita: mpishi yuko salama, makontena yamefungwa.

Wiebke aliweka kijiko ndani ya kikombe, ishara ya huko kwamba chai imetosha, akasimama, akavaa kofia iliyopasuka.

"Nikurudishe nyumbani, mama?"

"Napanda treni. Wewe unaendesha polepole."

Wiebke alikuwa ameshawasha pikipiki Theda alipotoka mlangoni.

"Uliniuliza kwa nini Onno. Mume wangu alipokufa, jina lake la mtandaoni lilikuwa kwa Onno. Nikaja kulichukua, na hati ya kifo nimeisahau mezani nyumbani. Onno alikuwa amebeba jeneza lake juzi yake tu, begani mwake. Akaniambia, bila hati sikupi, Theda. Nilimtukana hadi nikafika kwetu." Alifunga kitambaa chake cha kichwa vizuri. "Kesho yake nikaja na hati. Na jina langu nikamletea."