Bastola ya Kapteni

Mtu mwenye boksi alikata kona. Shangazi akakata kona nyuma yake.

Alikuwa mwepesi huyo bwana. Alipenya katikati ya meza za wauza viatu, akaruka ndoo ya mfagiaji, akazama kwenye kichochoro nyuma ya duka la vipuri. Boksi alikuwa amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Shangazi hakuwa mwepesi. Alikuwa na goti bovu na mkoba mzito. Lakini alikijua kichochoro kile. Hakitokei popote.

"Weka chini," alisema, bastola yake ya Glock ikiwa mkononi. "Taratibu."

Mtu yule aliliweka. Shangazi akainama, akachana utepe wa boksi kwa kisu.

Ndani mlikuwa na kofia.

Kofia nyeupe ya plastiki, yenye kioo cha rangi ya dhahabu mbele na nembo ya sayari yenye pete ubavuni. Katika purukushani ilikuwa imepata ufa kutoka kisogoni hadi kidevuni.

"Imepasuka," mtu yule alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Shangazi aliitambua kofia ile, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ilikuwa nakala ya kofia ya rubani katika *Walinzi wa Zohali*, tamthilia ya anga iliyorushwa alipokuwa msichana mdogo, enzi za televisheni za kupigwa kofi ubavuni ili picha itulie. Ofisini hakuna aliyejua kwamba mpelelezi wao mkongwe alikuwa na vifaa vya tamthilia hiyo vya kujaza chumba kizima.

Kidude cha sikioni kikakoroma.

"Shangazi, toa taarifa." Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Kitengo.

"Nimepata kofia."

"Kofia ya nini?"

"Ya kwenda Zohali."

Mkuu alishusha pumzi. "Wiki hii umeshanikamatia baiskeli, mtungi wa gesi, na sasa kofia."

"Uliniweka langoni kwa mshukiwa nimfuate kila anayetoka na mzigo, Mkuu. Watu wanatoka na mizigo yao."

Kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Kioo cha shabaha, kilichoibwa katika maabara ya jeshi. Mtu akikivusha mpaka, wenye hila nje ya nchi wangejifunza namna ya kuyapofusha makombora yote ya ulinzi kabla hayajanyanyuka ardhini. Mwizi, mkata vioo wa maabara hiyohiyo, alikuwa mahabusu. Alikuwa ametamka neno moja tu, kwamba kioo kimo ndani ya mchezo wa anga. Kisha akafunga mdomo.

Shangazi alikuwa ameomba aingie nyumbani kwa mwizi aone vitu vyake. Mkuu akamwambia hiyo si ngazi yake.

Sasa alimsaidia mwenye kofia kusimama. "Ulifuata nini kwa mkata vioo?"

"Kofia yangu. Alikuwa ananibadilishia kioo. Mkewe ndiye amenipa." Alifuta pua kwa kiganja. "Anatutengenezea wakusanyaji wote, dada. Juzijuzi hata Mjomba alimpelekea ile bastola ya Kapteni iwekwe kioo kipya."

Shangazi akamshika mkono.

"Bastola ya msimu wa kwanza?"

Mtu yule aliacha kulia. "Kumbe unaijua."

Aliijua. Alikuwa ameililia kwa miaka. Bastola ya mwanga ya Kapteni wa tamthilia ile, nakala iliyochongwa kwa mkono na fundi ambaye sasa ni marehemu, mpini wa mbao, mdomo wa shaba, kioo cha buluu nchani. Mjomba, muuza nakala, alikuwa amekataa mara zote. Mwezi huu akalegea. Njoo kwenye maonyesho ya wakusanyaji, alimwambia, mlango ukifunguliwa tu, wewe wa kwanza.

Maonyesho yalikuwa leo. Mlango ulikuwa umefunguliwa asubuhi.

Na yeye alikuwa kichochoroni na kofia iliyopasuka.

"Ziba ufa kwa gundi nyepesi ya resini," alimwambia yule bwana akiondoka. "Kisha msasa laini. Hautaonekana."

* * *

Kwenye gari simu yake ya kawaida iliita. Mdogo wake wa kiume.

"Dada, yale mazagazaga yako lini utayatoa? Mke wangu anataka chumba."

"Siyo mazagazaga."

"Kuna roboti amesimama mlangoni. Mama mkwe alimsalimia."

"Nitakuja Jumapili."

"Jumapili ipi, dada? Jumapili zako zote zina bima."

Bima ndiyo kazi ambayo familia iliijua. Shangazi alikata simu, akalipigia honi lori ambalo halikuwa na mpango wa kusogea.

* * *

Maonyesho yalikuwa ghorofani, katika ukumbi wa michezo juu ya duka la samani. Mlangoni alisimama bawabu mnene aliyevaa suti ya fedha kuanzia shingoni hadi vidoleni. Ndiye pia alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, na kanuni zilikuwa chakula chake.

"Mkoba, mama."

"Naharakisha."

"Kila mtu anaharakisha." Aliuchungulia, akatoa Glock, akaigeuzageuza. "Hii ya tamthilia gani?"

Shangazi angeweza kuonyesha kitambulisho. Mkuu alikuwa amekataza kisionyeshwe hadharani.

"Ya polisi," alisema.

Bawabu alimtazama kwa huruma. "Hapa ni anga tu. Lakini kwa kuwa wewe ni mwanachama, ingia." Alipitisha kamba ya plastiki ya rangi ya chungwa nyuma ya kifyatulio, akaivuta ikakaza, akakata ncha yake. "Kanuni. Silaha zote za maigizo zinafungwa."

Kwa kisu kamba ile ingekatika mara moja. Bawabu akachukua kisu pia. "Utakikuta hapa ukitoka."

Ndani, saa yake ilianza kutetemeka. Ilikuwa imeundwa na Mitambo, mtaalamu wa ofisi aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye gari la kitengo, na kazi ya saa hiyo ilikuwa kunusa madini yaliyopakwa kwenye kioo kile. Ilitetemeka kulia. Ilitetemeka kushoto. Ilitetemeka mbele ya kibanda cha juisi.

"Mitambo, saa yako imepagawa."

"Kuna betri karibu?"

"Nimezungukwa na roboti."

"Jaribu kusimama mbali na roboti."

Shangazi aliivua saa, akaitupa mkobani.

Siku nyingine angetembea ukumbi huu hadi miguu iwake moto. Redio za mkononi za rubani, zilizotengenezwa kwa visahani vya sabuni vya enzi zile. Mlango wa chombo cha anga, wa ukubwa wake halisi, unaofunguka kwa mlio uleule wa televisheni. Watu wazima wakigombana kwa sauti ya chini kuhusu kijivu kipi ndicho kijivu cha kweli cha chombo hicho. Leo aliwapita wote, macho yakiwa kwenye meza ya mwisho.

Kishikilio cha bastola kilikuwa kitupu.

Mjomba aliinua uso. Mzee mwembamba, kucha zake zina resini iliyokauka miaka mingi. "Nilikusubiri, binti yangu."

"Nilikuwa na kazi."

"Bima." Alipangusa kishikilio kwa kitambaa ingawa hakikuwa na vumbi. "Nilikaa na watu wakiuliza, nikiwaambia ina mwenyewe, anakuja. Mpaka nikaonekana sina akili."

"Ameichukua nani, Mjomba?"

"Mgeni fulani wa koti la kijivu. Hakuuliza msimu. Hakuuliza nani aliichonga. Alichungulia kioo tu, akasema ifungwe." Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Mtu hauzi kitu kile kwa mtu wa namna ile. Lakini wewe hukuja."

"Ameondoka?"

"Sasa hivi. Mlango wa maegesho."

Shangazi alikuwa ameshageuka. Akili ilikuwa ikimalizia hesabu yenyewe. Mkata vioo hakukificha kioo ndani ya kitu. Alikiweka nchani mwa bastola, mahali ambapo kila mtu angekiona, na forodhani wangeona kichezeo chenye risiti halali.

"Mkuu, mnunuzi ninamfuata. Nahitaji watu kwenye maegesho ya juu."

"Watu wapo bandari kavu. Kuna kontena la midoli."

"Siyo midoli. Ni nakala."

"Kuna tofauti gani?"

Alimeza jibu lililokuja kwanza. "Watume huku."

"Nawatuma. Usimguse mpaka wafike."

"Watafika lini?"

"Kuna foleni."

Alianza kukimbia. Hakufika mbali. Mkono wa fedha ulimzuia begani.

"Hakuna kukimbia ukumbini, mama," alisema bawabu.

Shangazi alitembea. Alitembea kwa hasira ambayo hata roboti wawili walisogea pembeni kuipisha.

* * *

Maegesho yalikuwa ghorofa ya tatu, wazi, yenye ukuta mfupi wa zege ukingoni. Jua la alasiri lilichoma paa za magari. Mgeni alikuwa akifungua mlango wa Toyota ya kijivu, boksi likiwa kwapani.

"Simama hapo," Shangazi alisema, akaelekeza Glock.

Mgeni aligeuka. Alitazama mdomo wa bastola. Kisha akatazama kamba ya rangi ya chungwa.

"Samahani," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita kiasi, cha mtu aliyekisomea darasani. "Nadhani silaha yako imefungwa."

Akaendelea kufungua mlango.

Kitu fulani kilikatika ndani ya Shangazi. Hakikuwa woga. Ilikuwa hasira ya wiki nzima.

Alimvamia kwa bega. Mlango wa Toyota ulijifunga kwa kishindo, mgeni akagonga kioo cha pembeni kikang'oka. Alipiga ngumi ya kwanza. Shangazi akaipokea mbavuni na kumrudishia kiwiko. Wakalivuta boksi, huyu huku, yule kule. Likachanika.

Bastola ya Kapteni ikabaki mkononi mwa Shangazi.

Mgeni akarudi nyuma. Mkono wake ulipotoka ndani ya koti ulikuwa na bastola ya Walther yenye kizuia sauti. Haikuwa na kamba.

"Nipe," alisema.

Shangazi alirudi hatua hadi mgongo ukagusa ukuta mfupi. Aliunyoosha mkono wenye bastola ya Kapteni nje ya ukuta. Chini kabisa kulikuwa na zege tupu.

"Piga," alisema. "Nami nitaachia."

Mgeni hakupiga. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Shangazi aliona wazi kwamba mtu huyu hakulipwa kwa ajili ya maiti. Alilipwa kwa ajili ya kioo kizima.

"Shangazi." Mkuu, sikioni. "Kioo hicho kisitoke nje ya nchi. Kwa namna yoyote. Umenisikia?"

"Watu wako wapi?"

"Wapo kwenye mzunguko wa barabara wa pili."

Mzunguko wa pili. Alikuwa peke yake.

Kwa mara ya kwanza aliitazama bastola yenyewe. Mpini ulikuwa wa joto, laini, umekaa kiganjani kama uliopimwa kwake. Jua lilipita kwenye kioo cha buluu likatupa upinde mdogo wa rangi juu ya mkono wake, safi, ambao kioo cha plastiki hakiwezi kuutoa. Fundi alikuwa amechonga hata mkwaruzo mdogo chini ya shaba, ule ambao Kapteni aliupata kwenye kipindi cha kwanza.

"Una familia," mgeni alisema. "Tunaweza kuzungumza."

Shangazi alifungua vidole.

Mgeni aliruka. Hakufikiri, mwili wake uliifuata bastola kama mtu anayedaka kikombe kinachoanguka mezani. Tumbo lake lilitua juu ya ukuta, mikono yote miwili hewani. Shangazi alimshika mkanda, akamrudisha ndani, na njiani akamgongesha kichwa kwenye zege. Walther ikateleza chini ya gari.

Mlio kutoka chini ulikuwa mdogo sana.

* * *

Watu wa kitengo walifika akiwa ameshamfunga mgeni mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Walimtia kwenye gari lisilo na namba na kuondoka bila kusalimia. Shangazi aliteremka kwa ngazi, goti likilalamika.

"Kioo?" Mkuu aliuliza.

"Kimekuwa unga."

"Tulikitaka kizima."

"Ulisema kwa namna yoyote."

"Nilidhani inaeleweka. Sasa maabara nitawaambia nini?" Alikohoa. "Na kumbuka, hakuna raia anayejua lolote. Hakuna tukio lililotokea hapo."

Shangazi alikitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Vipande vilikuwa vimetawanyika karibu na mlango wa kupakulia samani. Mpini umepasuka mara mbili. Shaba imejikunja. Alikuwa bado amesimama hapo walipotokea: bawabu, wakusanyaji kadhaa waliosikia purukushani kule juu, na nyuma yao Mjomba.

Mzee alipiga magoti. Aliokota kipande cha mpini, akakifuta kwa kidole gumba.

"Yule mgeni alikuuzia?"

"Hapana."

"Basi imekuwaje?"

Kulikuwa na kiapo, na kulikuwa na mzee aliyepiga magoti. Shangazi alitafuta neno ambalo lingevitosha vyote viwili. Hakulipata.

"Niliiangusha."

"Ikakuponyoka?"

Uongo huo ulikuwa rahisi. Ulikuwa umeshawekwa mbele yake, tayari. Lakini alimwangalia mzee usoni, akashindwa kuuchukua.

"Hapana, Mjomba. Niliiachia."

Mjomba alitikisa kichwa polepole, kama anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Ungeniambia unaitaka kiasi hicho," alisema, "ningemfuata yule mtu nimrudishie fedha zake."

"Najua."

"Kwa sababu umeikosa, basi na mwingine asiwe nayo?"

Shangazi aliitazama shaba iliyojikunja.

Bawabu alisogea mbele na kunyoosha mkono wa fedha. "Kadi ya uanachama," alisema. "Na ukumbini kwetu usirudi tena."

Shangazi aliitoa, akampa. Alinyoosha koti lake lililochanika begani, akaweka mkoba sawasawa, na kuanza kutembea kuelekea barabarani. Hakuharakisha. Aliyemwona kutoka upande wa pili wa barabara angedhani ni mama wa bima anayetoka kazini.

Nyuma yake alimsikia Mjomba akiwaomba watu wasogee, wasije wakavikanyaga vipande.