Aliyerudi Kutoka Maporomokoni

Mathias alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mkewe, Cornelia, alikuwa jikoni akisonga ugali wa ulezi.

"Tangu lini unabisha hodi kwako? Ingia."

Akaingia. Alitoka kuongoza wageni kwenye maporomoko ya msitu wa Mbizi, na nguo zake zilichuruzika maji ingawa kijiji kizima cha Mollo kilikuwa kikavu. Ugali hakuugusa. Tangu siku hiyo nyumba ilinuka kuvu na majani yaliyooza, na kila alipojilaza, ndani ya ukuta yalisikika maji yakianguka.

"Mama, baba hapumui," binti yao Faith alinong'ona.

Silvana, mama yake Mathias, alimvuta Cornelia uani. "Mwanangu amepandwa na jini la lile bwawa la maporomokoni," alisema kwa sauti ya chini. "Mrudishe kulekule, likamwache."

Cornelia alikuwa na hasira kuliko hofu. Mara ngapi alimkanya mumewe asiwaruhusu wageni kuoga pale? Alichukua panga, akamkwida Mathias ukosi wa shati, akampandisha mlimani. Naye alikwenda bila ubishi, akitabasamu.

Walipofika bwawani Cornelia alisema, "Mtoke mume wangu."

"Simo ndani yake," kilijibu kinywa cha Mathias, bado kikitabasamu. " Aliwaacha wageni waoge kwa sabuni nyumbani kwangu, nami nikaingia nyumbani kwake. Yeye nimemweka hapo. Tazama."

Cornelia akatazama, na chini ya povu, kati ya mawe na mizizi, akaona shati lilelile, mikono ileile, uso wa mumewe ukiwa umekodoa macho, akaelewa kwamba kitu alichokikaribisha kwa kinywa chake, akakitandikia kitanda, akakiacha chumba kimoja na mwanawe, hakijawahi kuwa Mathias.

Akarudi nyuma, akaziba njia pekee ya kuteremka, panga mkononi.

"Huteremki. Nipe mume wangu nikamzike."

"Mchukue."

Mwili ukaibuka, mkondo ukaanza kuuburuta kuelekea gengeni. Cornelia alitupa panga, akaingia majini hadi kifuani, akamdaka mkono, akamvuta mpaka mwambani. Akamfumba macho.

Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi la njia, nyayo zenye maji zilikuwa zimeteremka kuelekea Mollo, kwa Faith.

Hakulia. Aliokota panga, akamwacha mumewe juu ya mwamba, akakimbia.