Chiriku wa Saba

Haya yalimpata mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, na anayeyajua yote ni mimi peke yangu. Nimekaa nayo miaka mitano. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikuwahi kumficha daktari wala mkunga, na sikuzaa vilevile, kwa hiyo sisemi leo nikitumaini kupona. Nasema kwa sababu ya nilichokiona asubuhi hii.

Ilikuwa Jumamosi isiyo na neno. Nilikuwa dukani kwangu nashona sare za shule, shemeji akaingia na kipande cha ubao alichoandikia vipimo kwa penseli. Yeye ni seremala, mtu wa maneno machache, vumbi la mbao halimtoki masikioni hata siku ya harusi. Akanieleza kwamba mkunga amemwamuru mke wake alale kitandani mpaka ajifungue, asiinue hata ndoo, maana mimba ilishatishia kutoka mara moja. Mdogo wangu alikuwa analia kwa kuchoka kutazama dari. Basi shemeji akawaza amjengee tundu kubwa la ndege humo humo chumbani, mkabala na kitanda, apate cha kuangalia. Na mwenye kujua ndege katika familia ni mimi. Nilianza kufuga chiriku mwaka ule mume wangu alipoondoka kwenda kuzaa kwingine.

Nikasema nitasaidia, na nikakata uzi kwa meno ili nisiseme zaidi.

Nilikuwa na wivu, sina sababu ya kuupamba. Mimba zangu tatu zilipotoka, moja baada ya nyingine, mama alinipigia simu akaniambia nijikaze. Ya mdogo wangu ilipoyumba kidogo tu, mama alifungasha nguo akahamia kwake, akawa anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto wa miezi sita. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Siku zile mimi fundi cherehani nilikuwa nazipunguza nguo zangu mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

Lakini kazi ya tundu niliifanya kwa haki. Nilimwambia shemeji achague pembe iliyo mbali na jiko, maana moshi wa kikaango unaua ndege kabla mtu hajakohoa, na mbali na upepo wa dirisha. Wavu uwe wa matundu membamba, kichwa kisipenye. Milango iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili ukiingia na bakuli la mtama asitoke ndege. Tulifunga vijiti vinene na vyembamba, tukatandika magazeti chini, tukaweka sahani ya kuogea, na maganda ya mayai ya kuku niliyoyachemsha na kuyasaga kwa ajili ya majike. Viota vya ukindu tulivitundika sita kwa jozi tatu, vyote kimo kimoja, maana chiriku hugombania kiota cha juu kama watu wanavyogombania kiti cha mbele.

Sheria kubwa nilimpa shemeji mwenyewe, mara mbili. Wawili wawili. Dume mwenye mashavu ya rangi ya chungwa na jike wake asiye na rangi, basi. Ukiingiza jike asiye na mwenzake kati ya waliotulia, hatulii yeye na hawatulii wao. Atavamia viota vya wengine, na atakachokikuta ndani atakitupa.

Shemeji akanunua jozi tatu. Tulipowaachia humo ndani, wakapiga kelele zao ndogo na kuanza kuchagua viota, mdogo wangu akacheka mpaka mama akamkanya asijitingishe. Kisha akanishika mkono akaniambia kwamba sasa kila kitu kimekamilika.

Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Kwake kilikamilika kila kitu. Kwangu kulikuwa na tundu moja tupu na jike mmoja ambaye dume wake alikufa mwezi uliotangulia. Nilikuwa namwita Mjane. Jumatatu nikamtia Mjane kwenye kasha la viatu nililolitoboa matundu, nikampeleka.

“Wawili wawili,” shemeji akasema akiangalia kasha. “Si ulisema mwenyewe, shemeji?”

“Huyu ni mzee. Hana habari na mtu.”

Niliongopa bila kupepesa jicho. Sikuomba mtu adhurike, sikuwasha udi, sikusoma kitu. Nilitaka tu kitu kimoja nyumbani kwao kisikamilike.

Jozi ya kwanza ilitaga mayai manne, madogo kama njegere, meupe. Mdogo wangu alinipigia simu kunieleza kana kwamba ametaga yeye. Kesho yake asubuhi mama akayakuta chini kwenye gazeti, yote manne yamepasuka. Asubuhi hiyo hiyo mdogo wangu aliamka na maumivu ya tumbo, na damu kidogo. Mkunga akaja, akakaa naye mpaka mchana.

Mama akalaumu panya. Shemeji akaweka mtego. Hakunasa kitu.

Jozi ya pili ilitaga mayai matatu. Siku ya tatu yalikuwa chini. Damu ilikuwa nyingi kuliko ya kwanza, na mkunga safari hii hakutania mtu. Akatuita pembeni, mama na mimi na shemeji, akasema ikirudi tena mtoto hatabaki. Niliangalia ndani ya tundu. Mjane alikuwa amekaa kwenye kiota kitupu, ameatamia hewa, mkia umenielekea.

Nilijua hapo hapo. Nilipaswa kumtoa siku ile, mikono yangu miwili ilikuwa haina kazi. Lakini mama alikuwa amekaa kitandani anampapasa mdogo wangu mgongo, anamwita kipenzi chake, na mimi nikaaga nikaenda zangu.

Jioni mdogo wangu alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona ili mama asisikie.

“Dada, yule wa saba anaimba.”

Nikamwambia jike wa chiriku haimbi. Dume ndiye anayeimba, jike hulia tu.

“Anaimba,” akasema. “Mchana nikifumba macho. Anaimba kwa sauti yako.”

Sikulala vizuri. Alhamisi, saa nane mchana, nilifunga duka nikaenda kumchukua Mjane. Jua lilikuwa kali, barabara imejaa watoto wanaotoka shule. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Shemeji alikuwa karakanani. Nikavua viatu sebuleni nisimwamshe mdogo wangu.

Nikasikia wimbo.

Si wimbo wa ndege. Mwanamke alikuwa anaimba bila maneno, mdomo umefungwa. Niliujua. Niliutunga mwenyewe juu ya cherehani wakati wa mimba yangu ya tatu, nikiwa peke yangu, na mimba ilipotoka sikuuimba tena. Hakuna aliyewahi kuusikia. Niliweka mkono kooni kuhakikisha. Koo langu lilikuwa limetulia.

Nikaingia.

Mdogo wangu alikuwa amelala, uso ukutani. Chiriku sita walikuwa wamejibana kwenye kijiti kimoja, pembeni kabisa, kimya. Jozi ya tatu ilikuwa imetaga. Mayai mawili yalikuwa tayari chini. Mjane alikuwa ukingoni mwa kiota na la tatu mdomoni. Mdomo wa chiriku haubebi yai. Yeye alilibeba.

Akaniona. Wimbo ukakoma.

Hakuruka. Hakuogopa. Alinitazama kama kibarua anayesubiri kuambiwa aendelee au aache. Ndipo nikafahamu kwamba hakuwa amekosea kitu tangu mwanzo. Alikuwa anafanya kazi niliyomtuma.

Nyuma yangu mdogo wangu akaguna usingizini, akakunja magoti.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikumkataza. Nilisimama. Niliwaza tundu lile likiwa tupu, na mama akija kulala kwangu walau usiku mmoja. Nilivuta pumzi. Nikavuta ya pili. Mdogo wangu akapiga ukelele, na shuka chini yake ikaanza kubadilika rangi, na ukelele ule ulikuwa ule ule wa alipoungua na chai akiwa na miaka mitatu, siku ile niliyombeba mgongoni kumkimbiza zahanati.

“Basi,” nikasema. “Inatosha.”

Mjane akashuka. Nilikuwa nimepitisha mkono kwenye mlango wa ndani, akaja akaliweka yai kiganjani mwangu, taratibu, akakaa juu ya kidole gumba changu, akaanguka. Alikuwa amekufa, na alikuwa wa baridi, kana kwamba amekufa tangu jana.

Yai lilikuwa la moto.

Nilikusudia kulirudisha kiotani. Lakini mdogo wangu alikuwa ananiita, nikalitia kifuani, ndani ya sidiria, kama tunavyotia noti sokoni, nikamkimbilia. Mkunga alipofika damu ilikuwa imekata. Alisema hajapata kuona ikikata hivyo.

Nililikumbuka nilipofika nyumbani. Nikalitoa nikaliweka mezani, karibu na mkasi, nikaenda kunawa. Halikuwa limepoa hata nusu simu ilipolia. Mama, analia. Maumivu yamerudi, tena makali. Sijui kilichoniongoza. Nililirudisha kifuani nikaendelea kumsikiliza mama kwenye simu. Baada ya dakika moja akanyamaza, kisha akasema, ngoja, ametulia.

Nilijaribu tena mara moja tu, wiki iliyofuata, na sitaki kueleza.

Mtoto alizaliwa wa kike, kilo tatu kasoro, mzima. Tundu walilivunja; mdogo wangu hakutaka tena kusikia habari za ndege, na zile jozi tatu shemeji aliwapa watu. Mimi nimelala chali kwa miaka mitano. Naoga na yai nimelishika. Wateja wangu wanadhani nina ugonjwa wa kifua kwa jinsi ninavyojifunga kitambaa hata wakati wa joto. Halijaoza. Halijaanguliwa. Na niseme lililo kweli, zipo siku nimelifurahia. Kwamba kuna kitu cha mtoto yule ambacho mama yake hana, ninacho mimi. Nikimwona mdogo wangu anamsuka binti yake nywele mlangoni, naweka kiganja kifuani, na donge linashuka.

Jumapili walikuja kunitembelea. Mtoto akapanda mapajani mwangu, mdogo wangu yuko jikoni anaosha vikombe. Mtoto hajawahi kuambiwa kitu, wala hakuna wa kumwambia. Akalaza sikio kifuani pangu, akakaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama anayesikiliza mlangoni.

“Mama mkubwa,” akanong'ona. “Anagonga.”

“Nani?”

Akafikiri. “Mimi,” akasema, kisha akashuka akaenda kuomba biskuti.

Nimeamka leo saa kumi na mbili, nikafungua kitambaa kama kila siku. Ganda lina ufa, mwembamba kama uzi, na umesukumwa kutoka ndani. Nimeketi hapa kwenye cherehani, sijafungua duka, sithubutu kupumua kwa nguvu. Lilikuwa la moto siku zote, na sasa linapoa ndani ya mkono wangu. Simu ya mdogo wangu imeita mara tatu, na sijaipokea.