Sketi Iliyoanikwa Chovai

Zakiya aliinama jikoni kupuliza mkaa, na Famau, aliyekuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai, akaona jambo dogo lisilomkaa sawa. Sketi ya mkewe ilikuwa imerefuka.

Si sana. Upana wa kidole, pengine viwili. Lakini Famau aliijua sketi ile kuliko mwenye kuivaa. Yeye ndiye aliyechagua kitambaa, pamba nyepesi yenye maua madogo ya buluu. Yeye ndiye aliyesimama juu ya kichwa cha Mahmudi fundi cherehani, akamwambia pindo liishie chini kidogo ya goti, na nguo ipanuke kwa chini kama kengele. Nje, Zakiya alijifunika buibui kama wanawake wote wa mtaa wa Alanley. Ndani, mlango ukishafungwa, Famau alipenda kumwona ndani ya sketi ile na mashavu ya miguu yake yakionekana. Walikuwa na mwaka mmoja tangu waoane, na mapenzi yalikuwa bado yana moto.

"Umelifumua pindo?" akamuuliza.

"Pindo gani?"

"La sketi. Limeshuka."

Zakiya akajitazama, akacheka. "Nilifumue lini, na jana tu tumerudi? Labda pamba imevutika kwa maji ya chumvi."

Famau akaona maneno hayo yana sababu. Walikuwa wametoka kisiwani Chovai. Zakiya alizaliwa Mombasa, kwa wazazi waliokimbia vita, na hakuwahi kuona kwao. Famau akampeleka aione nyumba ya mababu, ukuta wa mawe ya matumbawe uliobaki bila paa. Mawimbi yaliwarowesha walipokuwa njiani. Walipofika, jua likiwa la utosini na watu wamejifungia majumbani, Zakiya alibadilisha nguo na kuianika sketi juu ya ukuta ule. Ilikauka upesi mno. Walipoitoa ilikuwa baridi kama imetoka kisimani, lakini hakuna aliyelitia maanani.

Siku iliyofuata kwenye karakana, Famau alikuwa amefungua mashine ya boti na wenzake wamekaa juu ya madebe wakingoja kahawa. Mazungumzo yakaangukia huko huko yanakoangukia ya wanaume wakikosa la kufanya. Jaafar alisema yeye hapendi mwanamke kuvaa kitu kifupi hata chumbani, sketi sharti iwe ya marinda na ifike kwenye vifundo. Abdulrazaq akamcheka. Yeye alipenda gorgorad, ile sketi ya ndani wanayovaa wanawake wa Kisomali chini ya dira, gauni lao pana na jepesi, ya atlasi, inayofanya kishindo chake mwanamke akipita.

"Unamsikia kabla hujamwona," alisema. "Na wewe, Famau?"

"Pamba," Famau akasema. "Nyepesi. Ya kufika hapa." Akajigusa chini ya goti, wakacheka wote.

"Na yeye anapenda nini?" Jaafar akauliza.

Famau akaiinamia tena mashine yake. Alikumbuka kwamba Zakiya alikuja kutoka Mombasa na sketi moja nyeusi iliyonyooka, yenye mifuko, aliyokuwa akivaa kazini. Juma lile la arusi Famau alimwambia haimpendezi, naye akaitoa sadaka.

Aliporudi nyumbani adhuhuri alimkuta Zakiya amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, sufuria la wali limeungua jikoni.

"Miguu yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Famau, siisikii miguu yangu."

Alikuwa amelikunja pindo na kulishona upya, lirudi pale alipolipenda mumewe. Famau akapiga magoti akamshika. Juu ya pindo ngozi ilikuwa na joto la kawaida. Chini ya pindo, pale palipoachwa wazi, nyama ilikuwa baridi na nzito kama samaki wa juzi, na alipoifinya Zakiya hakushtuka. Famau akavuta shuka akamfunika hadi kwenye vidole. Baada ya muda kidogo vidole vikacheza, na damu ikarudi.

Walikwenda hospitali. Daktari aliigonga miguu kwa nyundo yake ndogo, akapima damu, akasema hana ugonjwa, apumzike. Lakini tangu siku ile mambo yakawa hayo hayo: kila palipoachwa wazi na sketi, pakafa. Zakiya akaanza kuvaa nguo ndefu, na ndefu nazo zikawa hazitoshi, maana kila alfajiri pindo lilikuwa limeshuka na uzi wa zamani umekusanywa kando ya mkeka, umeviringwa vizuri kama uliofanywa na mtu mwenye subira. Kisha pamba ikaanza kumwasha. Ilimtoa malengelenge kiunoni, akalia. Na nyumba ikaanza kunuka. Hakikuwa kinyesi wala mzoga. Ilikuwa harufu ya udi mzuri, wa gharama, uliochanganyika na mwani uliooza na chokaa iliyoloa, na ilikuja mchana, jua likisimama, ikitanguliwa na mlio wa nguo nzito ikiburutwa ukumbini, kwacha, kwacha, taratibu, kama mtu apitaye katika nyumba yake mwenyewe.

Bi Ummi, mama yake Famau, alikuwa akikaa chumba cha nyuma. Siku aliyousikia mlio ule alitoka akiwa na tasbihi mkononi, akamvuta mwanawe hadi uani.

"Ile sketi mliianika wapi mlipokuwa Chovai?"

"Kwenye ukuta wa nyumba yetu, mama."

"Ukuta gani? Wa upande wa kibla?" Famau akaitikia kwa kichwa. Bi Ummi akaketi chini palepale. "Mwanangu, ukuta ule hata sisi hatukuuegemea. Mchu mwenye akili haaniki nguo ya mkewe pale. Nguo ya mwanamke, jua la utosini! Ni kama kuipeleka posa."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilijua mnakwenda kutazama. Sikujua mnakwenda kufua."

Mwalimu Gharibu aliletwa baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi, na watu walisema ametoa majini mengi kutoka Burgao hadi mjini. Alifukiza ubani, akamnywesha Zakiya kombe, maji yaliyooshewa aya za zafarani, akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuanza kusoma. Famau alikaa karibu na mlango. Zakiya alikuwa amefumba macho, midomo inatetemeka, na harufu ya udi ikawa nzito hadi ubani haukusikika tena. Mwalimu akasoma, akasoma, jasho likamtiririka, na mara Zakiya akafungua macho, akaiweka sawa nguo juu ya miguu yake kama mwanamume mwenye wivu amfunikavyo mkewe mbele ya wageni, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume, tulivu, ya Kibajuni cha zamani.

"Waalaikum salaam, Mwalimu," ikasema. "Hukunisalimu, lakini mimi nakuitikia."

"Nani wewe?"

"Mwenye ukuta."

"Mtoke binti wa watu. Nitakuchoma kwa maneno ya Mola wako."

Sauti ikacheka kidogo, bila dharau. "Aya hizo nilizihifadhi babu yako hajazaliwa. Unakosea pale mwisho, lakini sikukatiza. Mimi Mwislamu kama wewe. Nitaunguaje?"

 Famau aliona mkono wa Mwalimu ukiteremka kutoka kichwani mwa Zakiya.

"Wataka nini basi?" Mwalimu akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayepatana bei.

"Kidogo tu. Sipendi pamba, ni nguo ya watoto. Sipendi maua. Sipendi upepo umguse mguu. Nataka mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva, ifike chini na izidi, iburutike. Isiwe na mshono ubavuni. Aivae wala asiivue."

"Huyu ni mke wa mtu!" Famau akapiga kelele, na kelele yake ikatoka nyembamba.

Macho ya Zakiya yakamgeukia. Yalikuwa macho yake, yaleyale ya hudhurungi, lakini aliyetazama kutoka ndani hakuwa yeye.

"Nataka avae ninavyopenda mimi," sauti ikasema. "Kwani wewe ulitaka nini?"

Zakiya akaanguka ubavuni. Alipozinduka alikuwa analia, na miguu yake yote miwili, hadi juu mapajani, ilikuwa imekufa ganzi. Mwalimu Gharibu alikusanya chetezo chake na kitabu chake. Mlangoni akamshika Famau begani.

"Nimekutana na makafiri wao, nikawashinda," akanong'ona. "Huyu anasali. Mpe anachotaka, mwanangu. Akiridhika pengine atachoka."

"Na asipochoka?"

Mwalimu akakohoa, akatafuta viatu vyake.

Famau alikataa mwanzoni. Alikataa huku Zakiya akibebwa kwenda msalani. Alikataa huku ubaridi ukipanda, ukafika kiunoni, ukaanza kutafuta tumbo. Bi Ummi akamwambia, "Unangoja ufike moyoni?" Asubuhi iliyofuata Famau akaenda sokoni. Alipita maduka yote ya nguo akigusa mahameli kwa vidole vyenye grisi, akiuliza rangi ya zambarau, si ile nyekundu, si ile nyeusi, iliyoiva. Mwenye duka mmoja alipomshushia jora lenyewe alimtazama kwa kumpongeza.

"Wanaume wengi hawajui kuchagua," akasema. "Wewe unajua unachokipenda."

Famau akalipa, akachukua kitambaa. Kwa Mahmudi fundi ikawa vivyo hivyo: akasimama juu ya kichwa chake, akamwambia urefu, akamwambia pindo liburutike, akamwambia kusiwe na mshono ubavuni. Mahmudi akamwangalia. "Leo umebadilika, Famau. Zamani ulipenda fupi." Famau akasema ndiyo, amebadilika, na akageuza uso kutazama barabarani.

Kabla ya kumvisha alikaa kando ya kitanda. Zakiya alikuwa amekonda, nywele zimemshika kwenye paji la uso.

"Wewe mwenyewe," akamuuliza, "wapenda nini?"

Zakiya akamtazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani.

"Sasa ndiyo waniuliza?" akasema. "Nivishe tu, Famau. Nasikia baridi."

Alimvisha. Mahameli ilipogusa ngozi Zakiya akavuta pumzi, damu ikampanda usoni, na kabla ya magharibi alikuwa amesimama. Siku ya pili alipika. Siku ya tatu aliimba akifagia. Majirani walikuja kumpa mkono wa pole wakamkuta mzima, wakasifu sketi yake, wakamwambia ana bahati ya kuwa na mume mwenye jicho. Famau alichinja mbuzi, akamshukuru Mungu mbele za watu.

Lakini Zakiya hakuivua. Jasho halikuitia doa, moshi haukuitia harufu. Famau akikaribia, nguo ile ilijikusanya kumzunguka Zakiya, kwacha, kama paka anayekunja mwili, na mkono wa Famau uliogusa ukingo wake ulikufa ganzi hadi jioni. Zakiya hakumfukuza. Alimwambia tu, kwa upole uliomuumiza kuliko tusi, "Usijisumbue, Famau." Akaanza kulala ukumbini. Bi Ummi alivumilia hadi siku aliyokuta mlango wa chumba chake umefunguliwa na mswala wake umetandikwa tayari, wenye joto la mtu aliyetoka kusujudu. Akafunga nguo zake, akahamia kwa dada yake. Alimsihi mwanawe waende wote. Famau alisema hawezi kumwacha mkewe.

"Mke wa nani?" Bi Ummi akauliza, kisha akaziba mdomo wake kwa leso.

Ijumaa moja Famau alitoka msikitini, akanunua maembe matatu kwa sababu Zakiya aliyapenda, akashika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa utosini. Mtaa ulikuwa kimya, madirisha yote yamefungwa. Alipofika mlangoni akamsikia mkewe akicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha tumboni, cha mwanamke aliyeambiwa jambo na mtu anayemjua vizuri, na Famau akatambua, akiwa amesimama na maembe yake mkononi na mgongo unaungua, kwamba katika mwaka wote ule hakuwahi kukisikia. Akafikiri ageuke. Akafikiria karakana, akafikiria kwa mama yake, akafikiria boti ya kwenda popote, na miguu yake, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, ikakataa.

Ndani kicheko kikakatika.

"Mwambie aingie," ikasema sauti ya mwanamume, tulivu, na safari hii haikutoka kinywani mwa Zakiya. "Mgeni hasimamishwi juani."

Zakiya akafungua mlango. Alipokea maembe, akashukuru, akatangulia, sketi ikifagia sakafu nyuma yake. Ukumbini palikuwa pametandikwa jamvi na sinia la wali katikati, nazi inanukia. Upande wa pili wa sinia, mahali pasipo mtu, wali ulikuwa umekwisha kuchimbwa kwa vidole. Famau akaketi upande alioonyeshwa.

Zakiya akaweka beseni la kunawia chini, akashika birika. Akaanza upande ule wa pili, kwa adabu, mkono wa kushoto ukishikilia wa kulia. Akamimina. Maji yakatoka kwenye mdomo wa birika yakimeta, yakaenda chini, na hayakufika kwenye beseni.

Kisha akamgeukia mumewe, na Famau akakinga mikono yake.