Umri wa Mama Cherehani

Kila asubuhi Mama Cherehani alikuwa akifungua dirisha, akivuta kiti, kisha akimwita mkwe wake amtungie uzi kwenye sindano. Macho yake yalikuwa yamechoka. Ulimi wake bado.

"Sindano za siku hizi zina matundu madogo," alikuwa akisema. Mkwe alikuwa akitunga uzi na kumrudishia sindano.

Siku moja alibisha hodi mtafiti, mwanamke mwenye mkoba mkubwa na viatu vilivyojaa vumbi.

"Si mlituhesabu kwenye sensa mwaka jana?" Mama Cherehani aliuliza.

"Ndiyo, mama. Sensa huhesabu watu wote, lakini huuliza machache. Utafiti huu huchagua nyumba chache na kuuliza mengi. Una umri gani?"

"Sitini."

Mkwe alikohoa. Siku alipoolewa, mama mkwe alikuwa na sitini hiyo hiyo.

"Na mtoto wako wa kwanza?"

"Hamsini na moja. Nywele zote zimemkimbia."

Mtafiti aliacha kuandika. "Kwa hiyo ulimzaa ukiwa na miaka tisa?"

Mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama Cherehani aliona aibu, akanuna.

"Nikisema kweli, wateja watasema kizee huyu hawezi kushona. Nitakula nini?"

"Majibu yako ni siri, mama. Hakuna mteja atakayeyaona," mtafiti alisema kwa upole. "Ila nisikilize. Nchi jirani kila mtoto akizaliwa huandikwa kwenye daftari la vizazi. Umri wa wazee wao unajulikana. Sisi tunategemea mnachotuambia. Sasa tukilinganisha nchi hizi mbili, kwao wazee wa miaka sabini ni wengi, kwetu kama hawapo. Wanaopanga matibabu ya macho ya wazee hutazama takwimu hizo, kisha huenda kwao."

Mama Cherehani alimkumbuka mdogo wake, aliyeolewa nchi hiyo. Alikuwa ametibiwa macho huko, na sasa husoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Wivu ulimshika.

"Mdogo wangu ana sabini na moja," alisema polepole. "Nimempita miaka miwili. Andika sabini na tatu, na ukandamize kalamu."

Mtafiti na wenzake waliuliza hivyo hivyo mitaa mingine: umri wa watoto, mwaka wa ndoa, mambo ambayo mtu hasahau. Wazee wakaonekana. Walikuwapo siku zote, ila walijificha kwenye sitini. Mwaka uliofuata gari la matabibu wa macho lilisimama mtaani kwao.

Sasa Mama Cherehani hutunga uzi mwenyewe, na wateja wameongezeka. Siku ya kwanza alipoweza, alimpigia simu mdogo wake. Furaha ilimjaa hata akasahau salamu.

"Nimetunga uzi, tena mara moja tu."

"Hongera. Afadhali umekubali kukua. Nilishaanza kuzoea kuwa mkubwa wako."

"Acha maneno yako," alisema Mama Cherehani, mguu tayari kwenye kanyagio la cherehani. "Niite dada, nisikie."