Chapati za Wimbi za Shiku

Jumamosi asubuhi kulikuwa na vita jikoni kwa Murugi, pale Karatina. Murugi alikuwa anapigana na donge la unga wa wimbi.

Alikanda, likapasuka. Akaongeza maji, akajaribu kusukuma chapati. Ikagandia kibao, ikatoka vipande vipande.

"Mimi siendi sherehe kwa Shosho kesho," alisema binti yake, Shiku, machozi yakimlengalenga. "Watoto wote watakula chapati. Mimi nitapewa nduma za kuchemsha tena, wanicheke."

Murugi aliumia moyo. Daktari alikuwa amesema wazi: ngano inamdhuru Shiku tumboni. Asile hata kidogo, maisha yake yote. Lakini jamani, sherehe kwa nyanya yake bila chapati ni sherehe gani?

"Hodi!" Jirani yao Zuena, mpishi wa hoteli, aliingia kurudisha sufuria. Alipoona ile meza, alicheka mpaka akashika mlango.

"Mama Shiku, unapigana na nani?"

"Na hii wimbi! Ati imekataa kushikana."

"Itashikana aje? Ngano ndiyo huvutika. Wimbi haivutiki, hata ukande mpaka Krismasi. Wacha kukanda, tupike chapati za maji. Na hiki kibao, si ndicho unasukumia za ngano?"

Lo! Murugi hakuwa amefikiria hilo.

"Basi kiweke mbali. Ngano hujificha kwa nyufa. Unga ulisagwa wapi?"

"Kwa Ngugi. Mashine yake haisagi ngano."

"Hapo umefanya vizuri."

Waliosha meza, bakuli na kikaango kwa sabuni. Murugi alichukua unga mpya, kikombe kimoja. Akaweka mayai mawili, chumvi kidogo na maziwa. Alikoroga mpaka ukawa mwepesi kama uji wa kunywa. Wakauacha utulie kidogo.

Zuena alipaka kikaango mafuta, akamimina upawa mmoja.

"Usiguse! Ngoja itoboke matundu juu, na kingo ziinuke. Haya Shiku, geuza."

Shiku aligeuza.

"Haijakatika! Mum, haijakatika!"

Murugi alipiga vigelegele, akacheza na mwiko mkononi. Chapati nyingine walizijaza ndizi mbivu na asali. Nyingine wakazijaza mayai ya kukaanga, nyanya na dhania. Jikoni kulinukia vizuri ajabu!

Jumapili, kwa Shosho kule Endarasha, Shiku alifunua bakuli lake. Binamu yake Munene alisogea, chapati ya ngano mkononi.

"Yako iko na nini ndani?"

"Ndizi na asali."

"Woi! Nionjeshe!"

Watoto wengine wakaja mbio. Shiku aliwatazama, furaha imemjaa kifuani. Tangu aache kula ngano, hakuna aliyewahi kumwomba chakula chake. Aliinua bakuli juu.

"Mtaonja wote! Lakini kwanza mnawe mikono na sabuni. Mko na ngano!"

Munene aliacha chapati yake mezani, akawa wa kwanza kukimbia mferejini.