Alimleta Jogoo, Akaiba Safari Yangu

Nina miaka ishirini na tatu. Nasoma uhandisi wa maji, mwaka wa tatu, na ninaishi Nsambya kwenye kambi ya polisi, katika nyumba aliyopewa kaka yangu Okello kwa ajili ya kazi yake. Wazazi wetu walishafariki. Aliyetulea ni shangazi, dada wa marehemu baba. Wasomaji wenzangu, nawaandikia nikiwa na hasira, na siombi radhi kwa hilo.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani. Mnajua maana yake? Mimi niliyekulia karibu na Namuwongo, ambako mvua ikinyesha watu hupandisha magodoro juu ya meza, niende nikajifunze jinsi wenzetu wanavyoyaongoza maji ya mji! Nilichanjwa. Nilipigwa picha ya kifua. Nilinunua koti zito la mtumba, nikalijaribu sebuleni jasho likinitiririka huku Okello ananicheka. Wanawake wa kambi walinisagia simsim, yaani ufuta, ya kubeba ili nisife njaa ugenini. Ungedhani kambi nzima inasafiri.

Ndipo mchumba wangu Ivan, mwenye duka la simu Kabalagala, akasema anataka kuja kujitambulisha nyumbani kabla sijaondoka. Ivan ni Muganda, na kwao hiyo ni sherehe kubwa, ya kanzu za wanaume na gomesi, magauni marefu ya wanawake, na vikapu vya zawadi. Sisi ni watu wa kaskazini, tuna taratibu zetu. Nilisema tungoje nirudi. Shangazi akanikatiza.

"Wewe mutoto, bwana anakuja na watu yake, anakupa heshima. Unataka nini ingine?"

Nikakubali...

Wiki ya sherehe shangazi alinizuia kutoka. Bibi harusi haonekani barabarani, alisema, hukaa ndani akapakwa mafuta. Na wiki hiyohiyo ofisi ya chuo ilikuwa inakusanya pasipoti zetu ili zipelekwe ubalozini kwa pamoja. Ivan akaniambia, "Nipe, nnyabo, mimi nitapeleka na boda. Wewe pumzika." Nilimkabidhi kwa mikono miwili, tena nikamshukuru.

Siku ya sherehe Ivan alimpa Okello jogoo mwekundu. Kwa Waganda, kaka akishampokea jogoo huyo, dada yake ameshaolewa. Sisi hatukujua uzito wake, tulidhani ni kitoweo tu. Okello aliwachekesha wageni kwa kusema hamchinji leo, atamchinja siku nitakayorudi. Akamfunga kamba nyuma ya jiko. Picha zikapigwa, nami nikatabasamu kwenye kila moja.

Baada ya hapo nikasubiri. Kila nilipomuuliza Ivan, alisema ofisi imesema visa huchelewa. Mwishowe nilichoka kusubiri, nikaenda chuoni mwenyewe. Mama wa ofisini alinikodolea macho.

"Lakini si wewe uliolewa? Bwana yako alikuja hapa. Akasema umeacha mambo ya kusafiri, unaona haya kuja kusema."

Ivan alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Mimi ndani ya gomesi, Okello kando yangu amemshika jogoo. Mama yule naye ni Muganda. Alipomwona jogoo hakuuliza zaidi. Nafasi yangu ilikuwa imepewa mwanafunzi mwingine, na pasipoti za wenzangu zilikuwa zimekwisha kurudi na visa.

Hakuna aliyenipigia simu. Hata mmoja! Namba yangu walikuwa nayo, lakini neno la mwanamume na picha ya kuku vilitosha. Je, ningekwenda mimi kutangaza kwamba Ivan ameacha biashara yake, nani angenisikiliza?

Nilimkuta dukani kwake. Hakukana. Alivuta droo, na pasipoti yangu ilikuwa humo chini ya chaja. "Mimi nakupenda," akasema. "Ukienda huko Bulaya, utarudi kweli? Nilikuwa naogopa."

Aliogopa yeye, nikafungwa mimi. Mapenzi gani hayo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikishonea na mfuko.

Nilichukua pasipoti yangu nikarudi nyumbani. Shangazi alinisihi nivumilie, eti mwenye wivu ndiye mwenye mapenzi. Nilimheshimu, lakini moyo ulikuwa unachemka. Na kila alfajiri jogoo yule aliwika nyuma ya jiko, huku mimi nimelala macho, nikitazama lile koti lililotundikwa ukutani. Nilimchukia mnyama asiye na kosa...

Asubuhi moja Okello aliketi karibu nami. "Mimi ndio nilipokea hii kuku," akasema. "Kama hutaki huyu bwana, sema. Tutarudisha."

Tulikwenda Kabalagala mchana, watu wakiwa wamejaa. Nilimbeba jogoo mwenyewe, nikamweka juu ya kabati la kioo la Ivan, akaanza kuparua vifuniko vya simu. Okello akasema, "Shemeji, kuku yako. Sijakula hata unyoya."

Wauza duka wa jirani walikuwa wakicheka, lakini walipoelewa ni jogoo gani, walisogea karibu kutazama. Ivan aliinamisha kichwa. "Mnanifanyia hivi mbele ya watu?"

Nilimjibu kwamba yeye angalau amefanyiwa mbele ya macho yake.

Nimeomba nafasi tena. Hawajaniahidi kitu, na huenda nisiipate, kwa hiyo sitawadanganya kwamba yameisha vizuri. Nina hasira bado. Lakini wewe dada unayejiandaa kusafiri, nakusihi, makaratasi yako yapeleke kwa miguu yako, hata kama umepakwa mafuta mwili mzima. Na anayekuposa ukiwa unafunga mizigo, mwambie asubiri. Akishindwa kungoja muhula mmoja, huyo hataki mke... anataka kuku wa kufungia nyuma ya jiko.